Unga Chini ya Kidhibiti Joto

OVIDIO: Haloo? Nani mwenzangu?

EDUVINA: Eduvina. Wa nyumba ya mabati ya kijani. Au umeshamsahau mama yako wa ubatizo?

OVIDIO: Aa, shikamoo mama! Nisamehe, upepo leo mji mzima wa Río Grande umechachamaa, na mimi niko juu ya paa la watu—

EDUVINA: Marahaba. Shuka.

OVIDIO: Nishuke? Kuna nini?

EDUVINA: Nataka kukuuliza habari ya hii boila ya kupasha nyumba joto. Taratibu tu. Mimi sina haraka, yenye haraka ni ndege ya kesho.

OVIDIO: Ndege gani tena?

EDUVINA: Binti yangu amekuja, Maricel. Ananipeleka kwake Córdoba. Kesho saa nne asubuhi.

OVIDIO: Ukatembee kidogo, vizuri—

EDUVINA: Nikakae. Nyumba inauzwa.

OVIDIO: Wewe, mama? Uhame Río Grande?

EDUVINA: Anasema kichwa changu kimechoka. Haya, umeshuka?

OVIDIO: Nimeshuka.

EDUVINA: Kile kidhibiti joto ulichonifungia ukutani mwezi wa tatu. Nikikizungusha hadi kumi na nane, boila inatakiwa ifanye nini?

OVIDIO: Chumba kikifika nyuzi kumi na nane, boila inajizima. Kikipoa, inawaka.

EDUVINA: Inajizima yenyewe.

OVIDIO: Yenyewe kabisa.

EDUVINA: Basi mbona kila asubuhi nyumba iko ishirini na nane?

OVIDIO: Labda... [mkwaruzo] ...labda mtu anaamka usiku anakizungusha, mama, halafu hakumbuki. Umri nao—

EDUVINA: Ahaa.

OVIDIO: Sijasema wewe!

EDUVINA: Maneno hayo hayo anayasema Maricel. Nilikuwa najiuliza ameyaokota wapi. Alikupigia?

OVIDIO: Nani? Haloo? Mama, mtandao huku—

EDUVINA: Ovidio.

OVIDIO: ...Alinipigia Jumapili. Aliuliza kama kifaa kina kasoro.

EDUVINA: Ukamjibu nini?

OVIDIO: Kwamba ni kizima. Na ni kizima, mama, nakuapia!

EDUVINA: Jumapili ukamjibu, Jumatatu akakata tiketi. Sasa sikiliza. Juzi usiku, Maricel alipolala, nilimwaga unga sakafuni chini ya kidude chako, ukuta hadi ukuta. Asubuhi nimeukuta kama theluji ambayo hata paka hajaikanyaga. Hakuna unyayo. Na nyumba ishirini na nane!

OVIDIO: Unga? Ulikuwa unamvizia nani?

EDUVINA: Hilo niachie mimi. Leo Maricel ametoka kununua gundi ya kufungia maboksi, nami niko chumba cha kufulia. Nimefungua kifuniko cha boila kwa kisu cha siagi.

OVIDIO: We mama! Umeme huo!

EDUVINA: Nimechomoa plagi kwanza, unanionaje? Nina makoti mawili hapa na pua imeganda. Naona nyaya zako mbili nyeupe zinazotoka kwenye kidhibiti. Kila moja imekazwa kwenye skrubu yake. Sawa?

OVIDIO: Sawa sawa. Ndivyo inavyotakiwa.

EDUVINA: Na hapo hapo, kutoka skrubu moja kwenda nyingine, kuna kiwaya kifupi chekundu. Kimejipinda kama mkono wa kikombe. Hiki ni cha nini?

[Upepo.]

EDUVINA: Ovidio?

OVIDIO: Bado kipo?

EDUVINA: Mbona unasema "bado"?

OVIDIO: Mama, ngoja nikueleze—

EDUVINA: Nieleze. Nilikushika mikononi ukibatizwa, ukanikojolea gauni jipya, na sikukupigia kelele. Leo pia sipigi.

OVIDIO: Hicho boila inatoka nacho kiwandani. Kinaiambia boila iwake tu, wakati wote. Ukifunga kidhibiti, unatakiwa ukitoe.

EDUVINA: Kwa hiyo miezi minne nazungusha kidude ambacho boila haikisikii.

OVIDIO: Ilikuwa wiki ya baridi ya kwanza, watu wananipigia kama wamechanganyikiwa, nikakimbizana... Lakini mbona hukunilalamikia?

EDUVINA: Nilalamikie nini? Nyumba ikizidi joto nafungua dirisha. Miaka hamsini nafanya hivyo. Kwani wewe hufungui?

OVIDIO: Nafungua.

EDUVINA: Huku gesi ni rahisi, nani asiyefungua? Aliyesahau ni Maricel. Ameingia huu mwezi wa saba, baridi yetu ikiwa kali, akakuta dirisha wazi na theluji kizingitini, akadhani mama yake kawehuka. Ile wiki ulifunga nyumba ngapi?

OVIDIO: ...Tisa.

EDUVINA: Wangapi wamelalamika?

OVIDIO: Hakuna.

EDUVINA: Sasa ukipita mtaani utazame madirisha.

OVIDIO: Mungu wangu! Mama, sikia, nakuja sasa hivi. Dakika tano nakitoa, kimya kimya, Maricel hajarudi. Hakuna atakayejua.

EDUVINA: Halafu nyumba inapoa.

OVIDIO: Ee, yamekwisha!

EDUVINA: Na Maricel anasema: unaona, tangu nianze kumchunga mama joto limetulia. Kumbe kweli alikuwa yeye.

OVIDIO: Lakini leseni yangu, mama. Ana mdomo yule—

EDUVINA: Anao. Amerudi, nasikia lango. Simu nayo inalialia, salio linaisha. Chagua, mwanangu.

OVIDIO: Mama, subiri kwanza—

EDUVINA: [Mbali na simu] Maricel! Njoo huku. Ni Ovidio, fundi. Ana neno na wewe.

MARICEL: Haloo? Ovidio? Mbona mama amefungua boila?

OVIDIO: Maricel... mambo? Safari vipi?

MARICEL: Neno gani?

OVIDIO: Ile Jumapili. Nilikwambia kifaa kizima.

MARICEL: Ndiyo.

OVIDIO: Kizima, lakini nilikifunga vibaya. Kuna kiwaya nilikiacha ndani. Boila inawaka yenyewe tangu mwezi wa tatu, hata ukizungusha vipi. Mama yako hajagusa kitu.

[Mkwaruzo.]

OVIDIO: Maricel? Umenisikia?

MARICEL: [Mbali na simu] Mama. Ule unga niliofagia jana... nilidhani umeumwaga ukasahau.

EDUVINA: [Mbali na simu] Niliumwaga nikaenda kulala. Nilitaka kujua kama ni mimi.

[Mkwaruzo wa simu ikibadilisha mikono.]

OVIDIO: Haloo? Jamani? Haloo?

EDUVINA: Nipo. Utakuja lini kukitoa?

OVIDIO: Hata sasa hivi, mama! Ila hili paa la watu, nimeliacha wazi na giza linakuja... Kesho, basi. Kabla ya saa nne sitawahi, na saa nne wewe ndiyo—

MARICEL: [Mbali na simu] Mwambie aje saa nne. Atatukuta.

EDUVINA: Umesikia?

OVIDIO: Nimesikia, mama. Saa nne.

EDUVINA: Uje na bisibisi, kisu changu kimepinda. Na ukitoka hapa uzipitie zile nane nyingine, anza kwa mjane wa kona, yule dirisha lake hata usiku hali— [Simu inakatika.]