Kitabu cha Hamsini cha Wichit

Pale kwenye mkahawa wa Ko Tek mjini Trang, jua halijapanda vizuri, wagema utomvu wa mpira wameshateremka kutoka mashambani na bunge la kahawa limeshaketi. Benchi moja refu, meza moja ya marumaru, birika la chai ya bure ambalo halikauki. Spika, ambaye kwao anaitwa Dam, hukaa ukingoni karibu na mlango, kwa sababu yeye ndiye anayefungua hoja na kuzifunga, na hapendi mtu aingie asimwone. Meza hiyo zamani ilikuwa inayumba. Desemba ya mwaka jana Spika alichomeka kijitabu fulani chini ya mguu mmoja wa meza, ikatulia, naye akajisifu wiki nzima. Basi asubuhi hiyo ya tarehe ishirini na tisa Desemba alikuja na jambo zito kifuani, na jambo lenyewe lilikuwa Wichit.

— Amefika arobaini na tisa, alisema, hata kikombe hajakigusa.

— Arobaini na tisa nini? aliuliza Namba, ambaye maisha yake yote ni bahati nasibu, na akisikia tarakimu anatoa kalamu.

— Vitabu, bwana! Si alituapia hapa hapa, siku ya mwaka mpya, kwamba mwaka huu anasoma vitabu hamsini? Tukampigia makofi kama wajinga. Kumbe vitabu vyenyewe ni vya marehemu!

Kila mtu pale alivijua. Maiti ikichomwa hekaluni, wageni hupewa kijitabu: picha ya marehemu, maisha yake, sala kidogo, pengine na mapishi yake ya mchuzi. Unapokea kwa mikono miwili, unainamisha kichwa, unakwenda nacho nyumbani, basi. Kukisoma mpaka ukurasa wa mwisho? Spika alikuwa hajawahi kumsikia mtu wa namna hiyo.

— Mwaka mzima anazunguka kwenye mazishi, hata ya watu asiowajua, alisema Spika. Jana nimemkuta ukutani pale sokoni, kwenye matangazo ya misiba. Anasoma moja moja, kidole juu. Na wiki hii hamna tangazo hata moja.

— Hamna?

— Hata moja. Mji mzima umepona. Na mwaka umebaki siku tatu, na yeye amepungukiwa kitabu kimoja.

Presha aliweka kijiko chini. Presha ana shinikizo la damu na kila mtu analijua, maana yeye mwenyewe hulitangaza kabla hujamsalimia.

— Sasa unaniangalia mimi kwa nini?

— Nani kakuangalia?

— Umeniangalia, Spika! Haki ya nani, umeniangalia!

Namba aliinua kalamu kuwatuliza.

— Sikilizeni. Huyu anatafuta namba. Umri wa marehemu, tarehe ya kuchomwa, namba ya nyumba. Arobaini na tisa, piga hesabu. Tarehe mosi mtamwona na gari jipya.

— Mwaka wa pili huu anavaa ndala zile zile, alisema Ko Tek kutoka jikoni.

— Ndiyo ujanja wenyewe!

— Mimi nasema ni mwanamke, alisema Presha. Mkewe kafa mwaka jana. Wajane wako wapi? Mazishini. Mtu mwenye akili zake anakwenda palipo na bidhaa.

Spika alicheka puani. Hayo yote aliyaona madogo.

— Nyie watoto. Kuna mtawa mmoja huko milimani, sitamtaja. Anafundisha kwamba ukisoma maisha ya maiti hamsini bila kuruka neno, siku walizobakiza wote zinahamia kwako. Wichit hafi, jamani! Sisi tutakwisha, yeye atabaki hapa peke yake na birika.

Halafu Presha akasema kwa sauti ndogo:

— Alikuja kwangu.

— Nani?

— Wichit. Wiki iliyopita nilipolazwa na presha. Kaleta machungwa. Lakini usoni hakunitazama, akawa anatazama kabati. Akaniuliza, "Kaka, vile vitabu vya mazishi huwa unaviweka wapi?" Nikajua nimekwisha. Usiku sikulala.

— Na kwangu alikuja! alisema Namba. Alipiga magoti kabisa, akachungulia chini ya kabati la televisheni. Nikadhani kadondosha kitu.

Kwa Spika pia Wichit alikuja, akamuuliza mkewe swali hilo hilo, na siku zote hizo Spika alikaa nalo akidhani ni peke yake aliyechaguliwa.

— Anatuzungukia wote, alisema polepole. Anaangalia nani wa kwanza.

— Mimi leo nahamia kwa binti yangu kule Phuket, alisema Presha. Mpaka mwaka uishe.

Hapo akaingia mwanamke mgeni, miwani kichwani, gari lake limemfia barabarani na liko kwa fundi wa jirani. Aliomba kahawa, akasalimu, akakaa pembeni ya Presha. Funguo zikamponyoka mkononi, akainama kuziokota, na alipoinuka alikuwa ameshika kijitabu. Meza ikayumba, chai ikamwagikia kalamu ya Namba.

— Aa, mama, rudisha hicho, alisema Spika. Hicho ndicho kinachoshikilia bunge.

— Jamani, alisema yule mwanamke. Mmemkalisha mtu chini ya meza.

Alikifuta kwa kiganja. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mwanamke mnene amevaa aproni, anacheka mpaka macho yamefumba. Mguu wa meza ulikuwa umelila jina lote, na kurasa za mwanzo zimegandana kwa kahawa.

Spika alimtambua: mke wa Wichit. Siku ya mazishi alitoka hekaluni moja kwa moja mpaka hapa, kitabu mkononi, na meza ilikuwa inamkera.

— Huyu nani? aliuliza mgeni.

— Aa, huyo Bi Bonge, alisema Namba kwa haraka. Alikuwa anakaanga mikate hapo mlangoni. Miaka kumi na tisa! Asubuhi zote tulikula mikate yake.

— Bonge ni jina la utani, alisema mgeni. Jina lake nani?

Namba alimtazama Presha. Presha alimtazama Ko Tek, na Ko Tek akageukia moto wake. Spika, ambaye hajawahi kukosa neno, akajimiminia chai. Miaka kumi na tisa alikuwa akimwita, "Bonge, niongeze miwili!" Hakuwa na jina jingine la kumwita.

Ndipo akamwona Wichit. Alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, na swali alikuwa amelisikia. Aliwangoja.

Kisha Wichit akaegesha mwavuli, akasogea mezani.

— Hicho ndicho cha hamsini, alisema mwishowe, akakipokea kutoka kwa mgeni kwa mikono miwili. Niligawa vyote, hata changu nilimpa mzee mmoja aliyechelewa. Nikasema si kitu, rafiki zangu wanavyo.

— Si ungetuomba, ndugu yangu? alisema Spika.

— Nilikuwa nangoja mmoja wenu akitaje. Mwaka mzima. Nikasema kwanza nisome vya marehemu wa wenzangu mpaka mwisho, wasiseme Wichit anadai asichokifanya. Lakini mwaka umekwisha.

Spika aliona aibu. Alisogea, akampa kiti chake cha mlangoni. Wichit akaketi, akaanza kuzibandua kurasa kwa ukucha, moja baada ya nyingine, na kila alipogusa meza iliyumba. Spika alivua ndala, akapitisha mguu wake chini ya mguu wa meza, ikatulia. Marumaru ile ni nzito.

— Tusomee kwa sauti, alisema. Anzia jina.

— Prathin, alisema Wichit.

Spika akalirudia taratibu, mara mbili, asije akalisahau.