Nilipoacha Kuitwa Mama Joël

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii! Nimesimama mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Mnanijua wote: ni mimi ninayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mdomo wangu haujui likizo. Lakini kuna jambo moja mdomo huu ulilifungia ndani miezi mitano, na leo nalitoa mbele yenu kwa sababu Yesu amenifungua.

Zamani nilikaa mtaa wa Katoyi. Kule kila mtu aliniita Mama Joël, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Nililipenda jina hilo! Halafu Joël, akiwa na miaka kumi na sita, akaingia katika kundi baya. Siku moja walimwangusha mwenye pikipiki kule Majengo, wakamvunja mkono, wakaichukua pikipiki yake. Ni kweli, ndugu zangu, sikuja hapa kumsafisha mtoto wangu. Alikamatwa, na hakimu wa watoto akamhukumu mwaka mmoja na nusu katika kituo wanamofungwa vijana waliovunja sheria.

Aibu ilinila. Sokoni watu walinyamaza nikipita. Basi nikahama, nikaja mtaa huu wa Keshero, na mlipouliza niitwe nani, nikawajibu: Mama Grâce. Grâce ni binti yangu wa pili, kwa hiyo sikusema uongo, mnaona? Shetani ni fundi! Kila Jumamosi nilimpa Grâce chakula ampelekee kaka yake. Mimi mwenyewe sikukanyaga kule hata siku moja.

Huku kanisani niliimba, nilifunga, niliomba kwa sauti kuliko wote, mpaka mkanichagua kuongoza kundi la akina mama. Ndipo mama mchungaji akatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda kuwalisha vijana wa kituo kile kile. Nilitafuta homa ya kuugua, sikuipata.

Nikajikuta nimesimama nyuma ya sufuria ya sombe, napakua yale majani ya muhogo. Vijana wakapanga mstari. Joël akafika mbele yangu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Akaniangalia. Kisha akainamisha macho, akanyoosha sahani, akasema, "Aksanti, mama," kama angemwambia mama yeyote. Mtoto alikuwa ananitunzia siri yangu!

Mama mchungaji alikuwa pembeni yangu. Akasema, "Huyu mutoto iko na adabu. Mama yake ni nani?"

Nikapakua sahani ya aliyemfuata. Ndiyo, ndugu zangu, nilinyamaza! Hilo linaniuma mpaka leo.

Walipomaliza kula, nikaambiwa niwaombee vijana ambao wazazi wao hawaji kuwaona. Nikafumba macho, nikaanza: Bwana, wakumbuke watoto hawa. Nikafumbua macho. Nikaacha maombi katikati, nikapita kati ya mabenchi mpaka kwa Joël, nikamshika mabega.

"Huyu ni wangu," nikasema. "Ni miye nilimuzaa."

Akaninong'oneza, "Mama, watu wanaangalia."

"Acha waangalie. Nilikukataa, mutoto wangu. Unisamehe."

Tulilia wote wawili. Nilingoja akina mama wanigeuzie mgongo. Mama mchungaji akajifuta macho kwa kitenge chake, akasema tu, "Mama Joël, kuja tuoshe sufuria." Haleluya! Siku ile Mungu alinitoa kifungoni mimi, mtoto wangu akabaki ndani.

Bado ana miezi kumi. Anajifunza useremala, na meza yake ya kwanza inayumba, lakini ni meza. Tulimwandikia mwenye pikipiki kumwomba msamaha. Hajajibu, na ana haki.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi ambao hamkunifukuza. Kama kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake hatajwi tena nyumbani, nakuambia mtegemee Yesu: aibu haiui, mimi niko hai! Jumamosi saa nne tunaondoka, njoo twende pamoja. Usitume mtu. Joël ameniambia kwamba miezi ile yote, kila Grâce alipoingia na chakula, yeye alitazama kwanza nyuma ya Grâce.