Mwalimu Noël Zihindula na Neno la Matrela

Wafiwa, majirani wa Dzaleka, wachungaji na waumini, nanyi mliotoka Lilongwe asubuhi hii kuja kusimama nasi kwenye tope hili, kwa niaba ya familia mimi Sylvain, mtoto wa dada wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuna sehemu katikati ambayo wengi wenu mliiishi pamoja naye, kila mmoja anaisimulia kwa namna yake, na familia imeamua isomwe hadharani, yeye mwenyewe akiwa bado kati yetu, kabla hatujamfunika.

Mwalimu Noël Zihindula alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, tarehe 25 Desemba 1949, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ambroise, fundi cherehani, na Mama Ernestine, aliyeuza unga wa muhogo sokoni, na kwa kuwa alizaliwa siku ya Krismasi, ambayo kwa Kifaransa ni Noël, jina lake halikusumbua mtu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, akaingia sekondari, masomo yakakatwa na vita vya mwaka 1964, yakakatwa tena mwaka 1967, naye kila yalipokatwa alirudi na kuyaunga, hadi Julai 1970 alipopata diploma ya ualimu. Mwaka 1974 alimaliza chuo, akiwa amesomea Kiingereza.

Huko chuoni ndiko alikoshikwa na mapenzi ya lugha, Kifaransa na Kiingereza, lakini zaidi Kiswahili, na si Kiswahili tunachosema sisi, bali kile cha vitabu, kilichonyooka, kilichopigwa pasi. Nyumbani kwake mtoto hakuthubutu kusema "njo", alisimamishwa pale pale hadi aseme "ndiyo", hata kama uji unapoa, na Mama Fortunée alikuwa akimwambia, "Noël, we uko mwalimu hata ku meza, utatuua na njaa."

Mama Fortunée huyo, ambaye leo amekaa hapa mbele, alifunga naye ndoa takatifu mjini Bukavu tarehe 17 Julai 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu, Patient aliyezaliwa mwaka 1977, Annuarite aliyezaliwa mwaka 1980, na Arlène aliyezaliwa mwaka 1985. Marehemu alifundisha Bukavu kwa miaka tisa, kisha mwaka 1983 akahamishiwa Uvira, akafundisha Kiingereza katika sekondari ya huko hadi Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini, na tarehe 24 ya mwezi huo familia ikaondoka na walichoweza kubeba, wakashuka kwa miguu hadi Baraka, wakavuka ziwa hadi Kigoma. Huko Kigoma, tarehe 11 Februari 1997, kipindupindu kilimchukua Arlène, naye amezikwa huko. Agosti ya mwaka huo walipanda treni, kisha basi, wakafika Mbeya, wakavuka mto Songwe, wakapokelewa Karonga, na tarehe 3 Septemba 1997 wakaingia hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Hapa hakukaa bure. Alifundisha chini ya turubai, alitafsiri mahubiri, alisimama na wagonjwa zahanati na kuwasemea maumivu yao, na kwa kuwa watu wa mjini walianza kumhitaji, alikodi chumba kidogo Kawale, akawa mkalimani, akishinda Lilongwe siku za kazi na kurudi kambini mwisho wa juma.

Sasa nafika kwenye matrela. Mnamo mwaka 2000 mfanyabiashara mmoja wa Lilongwe, ambaye familia haitamtaja jina, alifungua uwanja wa matrela karibu na Kawale, akaajiri mafundi kutoka hapa Dzaleka, nyumba kumi zikawa zinakula kutokana na uwanja huo, ikiwamo ya ndugu Ciza, aliyekuwa mkuu wa mafundi, ya ndugu Bucumi, na nyumba ya marehemu mwenyewe, kwa kuwa Patient alikuwa mchomeleaji pale. Sheria ya ushuru ilikuwa hivi, trela linaloingia nchini likiwa zima hutozwa ushuru mkubwa, ila vipuri vikiingia ili mafundi wa hapa waunde trela wenyewe, ushuru ni mdogo, na mfanyabiashara huyo alikuwa ameandikisha kila kitu alicholeta kuwa ni vipuri, fremu peke yake, ekseli peke yake, springi na magurudumu peke yake. Karakana mbili za wenyeji, zinazoanza trela kutoka chuma kitupu, zikalalamika kwamba zinanyongwa, watu wa ushuru wakafungua uchunguzi, na kwa kuwa mafundi hawakujua Kiingereza wala Chichewa cha kutosha, wakamwita Mwalimu Noël awe mkalimani.

Tarehe 14 Machi 2001, siku ya Jumatano, ndugu Ciza alikaa mbele ya bibi afisa aliyeongoza uchunguzi, akaulizwa kazi yake, akajibu, "Siye tulitengeneza remoki, njo kazi yetu." Remoki, kwa wageni wetu, ndilo trela. Mwalimu alilichukua neno kutengeneza kama lilivyokaa katika vitabu vyake, akalipeleka kwa Kiingereza kwa maana ya kuunda, kwamba hawa ndio waliounda matrela tangu mwanzo hadi mwisho, bibi afisa akaandika, akaridhika, na uchunguzi ukaanza kukunjwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, hapa hapa uani pa kanisa, ndugu Ciza alikuwa anasimulia kwamba amechelewa kwa sababu ya kitanda, mtoto amekiangusha, imebidi akitengeneze, na Mwalimu, kwa mazoea yake ya kusahihisha, akamuuliza kama ni yeye aliyekiunda kitanda hicho. Ciza akacheka, akasema, "Mwalimu, nikiunde na mbao gani? Nilirudisha tu muguu." Mwalimu hakucheka. Akamuuliza, na yale matrela? Ciza akajibu bila kufikiri, "Njo vile vile. Zilikuya nzima, ku mupaka bakazivula viatu, siye tukazivalisha." Yaani matrela yalifika mpakani yakiwa mazima, yakafunguliwa magurudumu na ekseli ili yaitwe vipuri, na kazi ya mafundi wetu ilikuwa kuvirudisha.

Hapo Mwalimu akaona kosa lake. Ciza naye alielewa, akamshika mkono, akasema, "Neno moja tu, Mwalimu, liache, lishapita."

Wapendwa, ugumu ulikuwa hapo. Akiliacha, nyumba kumi zinaendelea kula, mwanawe anaendelea na kazi, na hakuna afisa ambaye angejua. Akilirudia, uwanja unafungwa. Mama Fortunée alimwambia usiku huo huo, na ametupa ruhusa tuyasome maneno yake, "Bakikuuliza, utajibu, lakini hawakukuuliza." Mwalimu akamjibu kwamba watu wa karakana zile mbili nao wana watoto, na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo ule, si Ciza, Ciza alisema kweli kwa Kiswahili chake, kikageuka uongo kikiwa kinywani mwa mkalimani.

Tarehe 20 Machi alikwenda ofisini, mlinzi akamrudisha, akaambiwa uchunguzi unafungwa. Alirudi wiki iliyofuata, akakaa kwenye benchi hadi ofisi ikafungwa. Katikati ya hapo mfanyabiashara alimtuma mtu Kawale, akapiga hodi, akasema, "Mzee, wewe mkimbizi, matrela yanakuhusu nini?", akaongeza kwamba kuna watu wengi wa Dzaleka wanaolala mjini bila kibali, na ingekuwa vibaya majina yao yakifika polisi. Marehemu alimjibu, "Matrela hayanihusu, neno ni langu," akafunga mlango, na kulipokucha akahama Kawale, akahamia kwa rafiki yake kule Kauma, ili likitokea la kutokea lisimkute mtu mwingine chumbani kwake.

Tarehe 3 Aprili alipokewa. Bibi afisa alimsikiliza, akamuuliza kama anajua kwamba anawaumiza watu wake mwenyewe, naye akasema anajua, mmoja wao ni mwanawe wa kumzaa, lakini aliitwa awe mdomo wa Ciza, akasema kitu ambacho Ciza hakusema, na hawezi kutafsiri tena mbele ya mtu yeyote, hata kanisani, hadi neno hilo lisahihishwe.

Tarehe 2 Mei maafisa walikwenda uwanjani na mkalimani mwingine, mtu wa Karonga, na marehemu akaambiwa asimame nje ya lango. Ndugu Ciza angeweza kukana. Angeweza kusema mwalimu amezeeka, hasikii vizuri, na tusifiche, wako waliomshauri hivyo. Hakukana. Alipiga magoti kando ya trela lililokuwa juu ya magogo, akaonyesha bolti moja moja, hii tuliikuta, hii tuliirudisha, na alipotoka langoni alisimama mbele ya Mwalimu, akasema, "Umesema kweli, lakini umetukata mikono," akapita.

Mwezi Juni ukaamuliwa ushuru kamili ulipwe, na uwanja ukafungwa. Mafundi wakarudi hapa kambini, wengine wakaanza kulima vibarua, na Patient akavuka kwenda Tete, Msumbiji, mwezi Agosti kutafuta kazi, hajarudi tangu siku hiyo, habari za msiba zimemfikia, yuko njiani, na inaonekana hatawahi mazishi. Katika benchi la marehemu kanisani watu waliacha nafasi pande zote mbili. Mama Fortunée alimpikia nsima, ndio ugali wa hapa, akamwekea, akatoka nje, na ilikuwa hivyo mwezi mzima.

Naye hakuomba aeleweke. Alichofanya ni kwenda kwa mafundi, akianza na wale wasiomtukana sana, akakaa kwenye vumbi la chuma na vipande vya vitambaa, akauliza, neno hili kwako ni nini, na hili je, washonaji, wachomeleaji, wakulima wa Fizi, akajifunza upya lugha aliyowasahihishia watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka huo ndio sisi watoto wa nyumbani tulimsikia kwa mara ya kwanza akisema "njo", tukatazamana. Januari 2002 alifungua darasa la jioni la Kiingereza cha kazi, ili fundi aweze kujisemea mwenyewe mbele ya afisa yeyote bila mdomo wa mtu mwingine. Mwezi Mei mwaka huo ndugu Ciza, aliyekuwa amepata kazi katika moja ya zile karakana mbili, aliingia darasani, hakusalimia, akakaa nyuma, akasema, "Nifundishe kusema kuvalisha," na darasa zima likacheka, Mwalimu akacheka hadi akavua miwani.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza Agosti 2002. Alitibiwa hapa zahanati, mguu wa kushoto ukapata kidonda, akapelekwa hospitali ya misheni Likuni tarehe 20 Januari 2003, akarudi, akafundisha akiwa amekaa, akapelekwa tena tarehe 2 Machi, na Jumapili ya tarehe 9 Machi 2003, saa nne asubuhi, akaaga dunia, akiwa na Mama Fortunée na Annuarite. Ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Likuni, waliomhudumia kama mtu wao, wahudumu wa zahanati yetu, majirani mliochota maji na kupika tangu Jumapili, kwaya, walimu wenzake, wanafunzi wa darasa la jioni, na mafundi wa karakana waliotoa gari la kumrudisha kutoka mjini. Tunamshukuru ndugu Ciza, aliyechimba tangu alfajiri. Tunamshukuru pia ndugu Bucumi, tunayemwona amesimama kule nyuma, ambaye hajapata kazi tangu uwanja ule ufungwe, ambaye hakuwahi kumsamehe marehemu na alimwambia hivyo usoni, na amekuja. Familia haimwombi aseme neno leo. Tunachoomba ni kwamba chakula kikipakuliwa asiondoke, nyumba ya Mwalimu Noël ina deni kwake, na sisi tuliobaki tunalijua.

Mjomba, umefika. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana, na yatakayosemwa juu yako, yasemwe kama yalivyokuwa.