Bhan Singh Alifia Wapi?

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la chai la Sarwan mbele ya gurdwara, hekalu la Masingasinga, hata umbea wa ndoa za watu uliwekwa kando. Jiwe la kumbukumbu ya vijana wa kijiji waliokwenda vita vya Wazungu lilikuwa linasimamishwa jioni, na kamati ilikuwa imeshasema: asiyejulikana alikofia haandikwi. Bhan Singh, kaka wa babu wa mume wa Jinder Kaur, hakujulikana. Aibu ingemwangukia Jinder, mama mwenye nyumba. Akajitanda mtandio, akaenda kuwauliza wanaojua kila kitu.

— Basra, kule Iraki, — akasema Kapteni, aliyelitumikia jeshi jikoni. — Rejimenti nzima ilikwenda Basra. Walikula punda.

— Punda mwenyewe! — akamkata Redio, aliyepewa jina hilo kwa kutozimika mdomo. — Ufaransa, shemeji. Kwenye matope. Wanawake wa Kizungu wakiwafulia vilemba.

— Vilemba virefu vile wavianike wapi? — Kapteni akauliza.

— Juu ya kanisa.

— Hamkusoma nyie, — akasema Mwalimu, ambaye shule ilimshinda darasa la tatu. — Afrika! Walishuka melini Tanga, nyuki wakawarudisha baharini.

— Nyuki wa nani?

— Wa Mjerumani. Wamefundishwa. Ukipuliza filimbi wanapanga mstari.

— Sasa niandikishe kauawa na nyuki? — Jinder akauliza. Kichwa kilimzunguka.

— Andika Basra, ni fupi.

— Ufaransa ina heshima, shemeji!

Mara Redio akaihamisha rejimenti mpaka Uchina, ikaasi, ikafungua biashara ya siagi. Jinder hakujua tena kama anatafuta kaburi au duka.

Ndipo Ramdhan, fundi aliyekuwa akilichonga lile jiwe, mgeni kutoka Rajasthani, akaja kudai chai yake.

— Mama, habari ya kufa kwake ililetwa na nani?

Kapteni akaanza kuulizia sukari.

Nyumbani kwa Jinder ilisimuliwa hivi: mdogo wake Bhan, Kehar, alirudi kutoka mjini akasema kaka amekufa. Habari hiyo hakuileta mtu mwingine yeyote. Watu wakalia. Kabla ngano haijavunwa, Kehar akamtandia shuka mke wa kaka yake mbele ya wazee, kama ilivyo desturi ya kumrithi mjane, akawa wake, na shamba la marehemu likabaki mikononi mwa Kehar. Mume wa Jinder ni mjukuu wa shuka hiyo.

— Fundi, — akasema Jinder, — pale pa “alikufa” weka “alikwenda”.

— Na kamati ikiuliza wapi?

— Ije ikae benchi hili. Itaambiwa.