Kipanya Kimelala Droo

Kwenye kona, kati ya duka la kutoa kopi na kibanda cha kinyozi, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya kuzaliwa nayo na wa nne wa matofali. Kila asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, hukaliwa na watu watatu wasioishiwa maneno na mmoja anayewasikiliza. Kinyozi ndiye Wembe: mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Fundi viatu ni Soli, ambaye huongea huku misumari midogo ameibana midomoni, kwa hiyo kumchekesha ni kosa la jinai. Fundi redio anaitwa Mawimbi, maana hakuna habari isiyomfikia, ila zote humfikia na mikwaruzo. Msikilizaji ni karani wa masijala ya hospitali, miaka ishirini na miwili kaunta namba mbili, jina lake la benchini Mhuri. Asubuhi hiyo Mhuri alishika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuzamisha kwenye mfuko wa koti, na wala hakukuwa na baridi.

— Jana nimekwenda kufuata faili la mama, akaanza Wembe, nikamkuta huyu bwana anafanya mambo.

— Mambo gani? akauliza Soli, kwa upande wa mdomo usio na misumari.

— Kipanya hakipo mezani. Kimezungushiwa waya wake shingoni, kimelazwa droo kama marehemu. Na kompyuta inakwenda. Kurasa zinafunguka, zinashuka, zinarudi nyuma. Yeye vidole tu, ta-ta-ta, kama anapukuchua mahindi. Mara ukurasa wa mama ukafa.

— Ukafa vipi?

— Ulikuwepo, haupo. Nikajua basi tena, mama yangu kafutwa duniani. Jamaa hakutikisika. Kabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, ukurasa ukafufuka.

Mawimbi akaguna kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo tangu mwaka juzi.

Hakutikisika. Mhuri alilitafuna neno hilo kimoyomoyo, akalikuta chungu kuliko kahawa. Mkono wa kulia ulikuwa na mwezi wa tano sasa ukitikisika wenyewe, bila kumwomba ruhusa. Akishika kipanya, mshale ulirukaruka kwenye kioo kama inzi aliyeona sukari. Siku moja ulitua kwenye jina la mgonjwa mwingine, na nusura mzee wa watu apelekwe wodi ya wazazi. Mzee alicheka. Mhuri hakulala. Ndipo mkewe alipomtafutia karatasi yenye orodha ya vitufe, na wakawa wanakaa mezani baada ya chakula, mke anasoma, mume anabonyeza, kama watoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kushoto ulifanya kazi kubwa, wa kulia ukiegemea ukingo wa kibodi na kutoa kidole kimoja kimoja. Jana kidole kiliteleza, kikafunga ukurasa. Jasho lililomtoka, Wembe hakuliona kwa sababu lilipita mgongoni.

Na leo saa tatu, mkuu mpya wa masijala angekaa pembeni ya kila karani amwangalie akifungua mafaili kumi. Tangazo lilisema wazi: kwa kipanya, kama mwongozo unavyoelekeza. Asiyeweza atahamishiwa stoo, akapange maboksi. Mhuri alikuwa bado hajaamua kama aende, au aseme tumbo linamsumbua.

— Ni umeme, Soli akatoa hukumu. Kile kipanya kina kitaa chekundu chini. Kitaa hakiwaki kwa hisani. Anabana matumizi ya serikali.

— Wewe baki na viatu, akasema Mawimbi. Kipanya kinasoma kiganja. Joto, jasho, mapigo ya moyo. Ukidanganya kazini, wenzako wa juu wanajua kabla hujamaliza sentensi. Makarani wenye akili wamekiacha zamani.

— Mimi naona jingine, akasema Wembe. Ule mshale unamsaliti mtu. Unapoangalia, wenyewe uko pale pale. Mteja anaona unapotea, anaona unasita. Bila mshale, nani ajue unawaza nini?

Mhuri alimtazama Wembe. Mtu anaweza kuropoka wiki nzima, halafu siku moja akaingia chumbani kwako bila kubisha hodi.

— Nyie wote wadogo, Mawimbi akasogea mbele. Vitufe vilikuwepo kabla ya kipanya, sawa? Vilikuwa vinafungua kila kitu. Mageti, masanduku ya benki, mpaka taa za barabarani. Wakubwa wakaogopa. Wakatuletea kipanya, wakasema shika hiki ni rahisi, tukasahau vitufe. Huyu hapa amekumbuka. Ndiyo maana kanyamaza.

— Kwa hiyo Mhuri anaweza kuzima taa za barabarani?

— Akitaka. Muulize kwa nini mkono umefichwa mfukoni.

Soli alicheka, msumari mmoja ukamtoka na kudondokea kikombe cha Wembe. Walipokuwa wakiuopoa kwa kijiko, Soli akasema polepole, kama anaongea na kijiko:

— Mimi siku hizi sindano natunga uzi kwa ulimi. Macho hayalioni tundu. Hakuna aliyeniuliza.

Wembe aliendelea kuopoa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, anasubiri duka la kopi lifunguliwe. Bahasha kaipakata, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe.

— Samahani kaka zangu, akasema. Nimewasikiliza. Mimi ni katibu muhtasi, nilianguka bafuni, huu mkono nimeambiwa wiki sita. Nina fomu ya kujaza kwenye mtandao, mwisho leo. Kipanya kwa mkono wa kushoto nimejaribu jana, nimelia. Sasa hivyo vitufe, mtu anaanza na kipi?

Wembe alitazama kahawa yake. Soli alihesabu misumari. Mawimbi alifungua mdomo, ukatoka mkwaruzo mtupu.

— Si mlisema vinafungua mageti? akauliza mwanamke, kwa upole. Mimi nataka kufungua fomu tu.

Mhuri aliona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Angenyamaza, mama wa watu angerudi kupambana na mshale. Kueleza kwa mdomo asingeweza. Vitufe vyenyewe alivijua kwa vidole, si kwa maneno. Aliweka kikombe chini, akaazima chaki ya Soli ya kuchorea ngozi, akautoa mkono wa kulia.

Alichora kibodi kwenye ubao wa benchi. Mistari ilikwenda upogo, viboksi vikawa kama meno ya mtoto. Mkono ulitetemeka waziwazi, na chaki ikagonga mbao tik-tik-tik mpaka kila mtu akasikia.

— Hiki, Tab, akasema. Kinakupeleka sehemu moja hadi nyingine. Umepitiliza, shikilia Shift, bonyeza tena, unarudi. Enta ni kukubali. Usikimbie. Ukipotea, simama, tazama ulipo, ndiyo ubonyeze.

Mwanamke alirudia kwa mkono wa kushoto juu ya chaki, midomo ikitamka. Alipokosea, alijicheka, akaanza upya.

— Tangu lini, kaka? akauliza Wembe. Sauti haikuwa ya kinyozi.

— Mwezi wa tano huu.

— Na mimi kila wiki nakunyoa, niko hapo usoni pako.

— Nilikuwa naukalia.

Mlango wa duka la kopi ukafunguliwa. Mwanamke akasimama, akashukuru, akaingia na bahasha yake, midomo bado inahesabu vitufe.

— Sasa yule mkuu wako je? akauliza Mawimbi. Si kasema kwa kipanya?

— Kasema hivyo, akajibu Mhuri, akijipangusa chaki. Nitafika mapema, nimwonyeshe mkono kabla hajaniona. Kisha nimwombe anihesabie nikifungua mafaili kumi kwa vitufe. Akinipeleka stoo, anipeleke akijua anampeleka nani.

Akaondoka kuelekea hospitali, mikono yote miwili nje. Benchini, Soli aliinama akautafuta mraba wa Tab. Akaubonyeza mara moja, taratibu, halafu akangoja.