Mzee Klorini na Masomo Yaliyochelewa

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutusindikiza, huyu tuliye naye hapa kwa mara ya mwisho, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Klorini tu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akasoma hadi darasa la saba, na hapo masomo yakakomea, kwa kuwa babu yetu aliugua macho na wa kukaa kwenye cherehani akawa ni yeye.

Mwaka 1984 aliajiriwa hotelini kufyeka nyasi, na mtunza bwawa la kuogelea alipoacha kazi, meneja akamkabidhi wavu, brashi ndefu na ndoo za dawa, bila maelezo zaidi ya kwamba maji yakigeuka kijani aongeze, naye akaongeza, kwa kukisia, akijisifu kwamba bwawa lake linanukia usafi hadi barabarani. Tarehe 6 Mei 1988 alifunga ndoa na mpishi wa hoteli hiyohiyo, mama yetu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1997, katika chumba cha pampu kisicho na dirisha, alimimina klorini kwenye ndoo yenye mabaki ya asidi, mvuke ukamvaa, mtunza bustani akamburuta nje akiwa hajitambui, na tangu hapo kifua chake hakikuwa kile cha zamani. Mama alimsihi abadilishe kazi, akamwambia, “Baba watoto, pampu ina spea, kifua hakina,” naye akajibu kwamba akiondoka, atakayemfuata ataungua vilevile, bora yeye akaisomee kazi hiyo. Lakini kila alipoomba ruhusa aliambiwa asubiri wageni wapungue, na wageni hawakupungua mpaka mwaka 2010, alipoketi darasani, miwani puani, kati ya vijana wa umri wa wanawe. Huko alijifunza kupima maji kwa matone ya rangi, kusafisha chujio kwa kuyarudisha maji nyuma, na kutochanganya dawa, akajifunza pia kwamba ile harufu kali aliyojivunia haikuwa usafi, bali klorini iliyochoka kwa jasho na uchafu, na jioni hiyo hakugusa chakula, akamwambia mama, “Watoto wa watu walinijia macho mekundu, nikawaambia wavumilie, ndiyo dawa inafanya kazi.”

Alifaulu, na tangu hapo maji yake hayakumuwasha mtu, ila kifua hakikusoma naye. Alistaafu mwaka 2021, akaanza kuandaa darasa la watunza mabwawa uani kwetu, huku pumzi ikizidi kukata, na daktari akatueleza wazi kwamba angetoka kwenye dawa zile mapema, pengine tungekuwa naye miaka mingi zaidi. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na hasa mtunza bustani, ambaye hakukosa wodini hata siku moja. Na ninyi vijana mliokuja kuanza darasa mkakuta msiba, mtuwie radhi, alitamani sana kuwafundisha, hakuwahi.

Pumzika, baba yetu, amani ya Mungu ikulaze.