Historia ya Malimi Masanja, Mvusha Watoto wa Natta

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, na kwa kuwa mwenyewe aliagiza lisifichwe lolote, tunawasomea maisha ya mzee wetu Malimi Masanja, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1966 wilayani Maswa, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na mwaka 1992 akaja Tarime, kama Wasukuma wengi wa rika lake, kutafuta dhahabu.

Dhahabu hakuipata, ila alijifunza kuendesha lori, akapata leseni mwaka 1996, na tarehe 12 Julai 1997 akafunga ndoa na Juliana Mokami, binti wa Itiryo, wakajaliwa watoto wawili, Hosea na Specioza.

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2008, mjini Tarime, basi lilikuwa limesimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, naye kwa haraka zake akalipita, wala hakujiuliza limesimama kwa nini, akamgonga Awino, mwanafunzi wa darasa la pili, mwenye umri wa miaka minane, aliyekuwa akivuka mbele ya lile basi, mtoto akapona, lakini akakatwa mguu wa kushoto. Mahakamani marehemu alikiri kosa, akatumikia kifungo cha miaka miwili, na alipotoka hakushika usukani tena.

Mwaka 2011 familia ilihamia Natta, Juliana alipopata kazi ya kufua kwenye kambi ya watalii, na marehemu akamwomba mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa ruhusa ya kuvusha watoto barabarani, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili, amevaa fulana ya reflekta, kibao cha SIMAMA mkononi, akiwafundisha kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na kwamba gari moja likisimama wasikimbie, waangalie kwanza kama na la pili limesimama. Dereva aliyelalamika, “Mzee, nina haraka,” alijibiwa kwa upole, “Hata mimi nilikuwa nayo.”

Lakini moyo wake ulibaki kwa Awino, ambaye wazazi wake walishahamia Kenya. Kila shule zilipofungwa alikwenda Sirari, mpakani, kuwaulizia, hadi Juni 2016 alipovuka na kumkuta baba wa Awino, Mzee Oduol, dukani kwake Migori, akapiga magoti, akaomba amwone binti japo mara moja.

Mzee Oduol alimwinua, akamwambia, “Ndugu yangu, mimi nimekusamehe, lakini yeye yuko shule Kisumu, ametulia. Ukimwona, utapumua wewe. Yeye je?”

Marehemu aliacha namba yake ya simu, akarudi, hakwenda tena, ila tangu siku hiyo kila namba ya Kenya ilipoita aliacha chakula, akatoka nje kupokea, na mara zote walikuwa ndugu za Juliana wa ng'ambo ya mpaka.

Novemba 2023 alipata kiharusi, akauguzwa hadi alipofariki nyumbani Natta tarehe 6 Mei 2025, saa kumi jioni. Siku nne kabla, alimwambia Specioza, “Msimtafute. Akija mwenyewe, mpeni chai, mkae naye. Msimwulize kama alinisamehe.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani, walimu, na madereva wote waliokuwa wakimsimamishia magari pale barabarani.

Baba Hosea, umesimama vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.